Weusi Uliodhaniwa ni Mkaa

Ukipanda kutoka Mulot hadi Boito ukiwa na vibuyu mgongoni, unajua umefika pale pumzi inapokuwa fupi na chai inapoanza kukuzunguka kila upande. Vibuyu vizuri hukua huku chini kwenye jua. Wenye maziwa wako kule juu kwenye ukungu. Basi mtu asiye na shamba wala subira ya kukaa mahali pamoja anaweza kula maisha yake yote akibeba vya chini kupeleka juu, na hivyo ndivyo nilivyomjua Edinah Chelimo.

Alikuwa mke wa Jonah Kimeli, mkulima mpole wa chai, na walikuwa na watoto, chai kidogo mteremkoni, na ng'ombe wachache. Hakuna mtu angemwandika mahali popote, isipokuwa kwa kitu kimoja tu: mursik yake. Kwenye arusi, kwenye kupokea mgeni wa kanisa, kwenye kumkaribisha kijana aliyetoka masomoni, watu wa kilima kile walitaka kibuyu cha Edinah.

Kununua kwake kulikuwa shida. Alikipiga kibuyu kwa kidole, akakisikiliza, akatia pua ndani.

"Hiki kina uchungu, baba. Umekichuma kikiwa bado mtoto."

"Kimekomaa, Mama Chepngeno."

"Wewe unauza vibuyu ama unatupa takataka kwa watu? Lete kile kingine, kile unaficha nyuma."

Na kweli nilikuwa nimekificha.

Kwa asiyejua, mursik ni maziwa yanayolala ndani ya kibuyu siku kadhaa mpaka yagande. Lakini kwanza kibuyu kinasuguliwa ndani kwa mkaa. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet, unakitia kikiwa bado na moto, unaponda na kusugua kwa ufagio mdogo mgumu mpaka kibuyu kiwe cheusi kote. Ndipo unamimina maziwa. Yanatoka na rangi ya mawingu ya mvua na harufu ya moshi mtamu. Wanawake wengine huweka mkaa kwa kuogopa, lakini Edinah aliuweka kama mtu anayepaka ukuta. Yake ilikuwa nyeusi kuliko zote na yeye mwenyewe aliinywa asubuhi na jioni. Maziwa hakuyachemsha. Mama yake hakuyachemsha, wala nyanya yake, na alisema maziwa yaliyopita motoni yamekwisha kufa.

Sasa nitataja choo, na msomaji anisamehe, kwa sababu habari hii haiendi mbele bila choo. Mtu anayekunywa mursik kama hiyo kila siku, choo chake ni cheusi. Kule kwetu hakuna anayeshtuka. Ni mkaa tu, umepita.

Mwaka wa tisini na saba ulianza na jua kali. Chai ilisimama, haikuota, na watu walikaa mashambani wakiangalia majani magumu. Ndipo Edinah alipoanza kukonda. Alipata maumivu upande wa kulia, chini ya kitovu, yaliyokuja kila alipokula. Tumbo lilinguruma kama maji yanayolazimishwa kupita kwenye mpira uliokunjika. Jioni mwili ulipata joto, na alfajiri shuka lilikuwa limelowa. Akiwa anachuma aliacha kuchuma, akachuchumaa katikati ya chai mpaka maumivu yapite, kisha akasimama na kuendelea kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu kilichoanguka.

Miaka ile mtu akikonda, majirani walikuwa na jina moja tu, na walilisema kwa kunong'ona. Edinah alisikia. Alijipeleka mwenyewe kwenye dispensari, akapimwa damu, na ugonjwa ule hakuwa nao. Hakuwaeleza majirani. "Ningeenda nyumba kwa nyumba na karatasi?" aliniambia baadaye. "Waache waseme mpaka wachoke."

Tabibu wa dispensari alikuwa kijana wa kwetu, mwenye adabu. Alimwuliza mambo yote yanayoulizwa.

"Na choo, mama? Iko namna gani?"

"Nyeusi, kama ya mtu yeyote."

"Unakunywa mursik?"

"Wewe, Kipkirui! Unaniuliza mimi?"

Wakacheka wote wawili, kwa sababu kijana yule alikuwa amekunywa kibuyu cha Edinah siku ya arusi ya dada yake. Akampa dawa ya minyoo. Aliporudi akampa dawa ya amiba, na baadaye dawa ya vidonda vya tumbo. Simlaumu, na Edinah mwenyewe hakumlaumu kamwe. Kama kijana yule angezaliwa mahali ambapo watu hawanywi mkaa, labda angeuliza swali moja zaidi. Lakini alizaliwa kwetu, akalelewa kwa kibuyu, na swali lile halikuwa ndani yake.

Mwezi wa kumi Edinah alianguka ndani ya chai, kikapu kikiwa mgongoni. Jonah na majirani walimbeba mpaka barabarani, na gari la majani ya chai likampeleka hospitali ya misheni kule Bomet. Huko wakamtia damu ya watu wengine na kumlaza.

Kitanda cha pili yake alilala mwanamke wa kutoka upande wa ziwa, jina lake Akeyo, mchumaji wa shamba kubwa la kampuni. Naye alikuwa na maumivu yale yale, upande ule ule, na mwili umemwisha. Walipimana kwa macho siku nzima bila neno. Jioni Akeyo ndiye alianza.

"Wewe Mkipsigis, unakonda hivi na ng'ombe unazo?"

"Na wewe unakonda na samaki unazo?"

"Samaki iko kwetu. Mimi niko kwa chai."

"Basi kula chai."

Akeyo alicheka mpaka akashika tumbo kwa uchungu, na tangu hapo wakawa marafiki.

Muuguzi wa wodi ile aliitwa Sista Molly, naye pia mtu wa ziwani. Edinah alikuwa amelala pale siku nyingi, akinywa uji wa hospitali na chai ya rangi, wakati Sista Molly alipoondoa sufuria ya choo asubuhi moja akasimama nayo bila kwenda.

"Mama, hii choo imekuwa hivi tangu lini?"

"Hiyo usiogope, sista. Ni mursik."

"Mursik ya wapi?"

"Ya nyumbani."

"Nani amekuletea hapa?"

Edinah alihesabu siku alizolala pale. Jonah alikuwa amekatazwa kuleta maziwa. Tangu alazwe hakuwa ameonja hata tone.

"Hakuna mtu ameniletea."

"Sasa huu mkaa unatoka wapi, mama yangu?"

Akeyo aligeuka kitandani kuangalia, na mara hii hakufanya mzaha. Sista Molly alifunika sufuria kwa kitambaa, akaipeleka maabara. Ilikuwa damu, damu iliyokaa matumboni mpaka ikageuka nyeusi.

Siku moja, tukiwa tumekaa kwake, Edinah aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema: "Nilijaribu kukumbuka ni lini mkaa uliisha na damu ikaanza. Sikuweza. Damu yangu ilikuwa inapita mbele ya macho yangu, nami naiita maziwa."

Daktari alikuwa Onsongo, mtu wa Kisii, mrefu, wa sauti ya chini. Alibonyeza tumbo la Edinah akakuta uvimbe mgumu wa kadiri ya kiazi. Hakumficha Jonah. Alimwambia pale pale mbele ya mkewe kwamba inaweza kuwa saratani, na inaweza kuwa kitu kingine, na kwamba mkono wa daktari hauwezi kutofautisha ukiwa nje ya ngozi. Kwanza wapige picha.

Basi Edinah alilala na njaa, na asubuhi akapelekwa kwenye chumba cha eksirei. Fundi wa picha, Opondo, kijana mnene mwenye maneno mengi, alimpa kikombe kikubwa cha kitu cheupe kizito.

"Kunywa yote, mama. Hii ni bariamu."

"Ni chokaa?"

"Si chokaa. Matumbo haionekani kwa eksirei, mwanga unapita tu. Sasa hii nyeupe ikishuka, inachora njia yote. Tunaifuata kama vile unafuata mto."

Edinah akanywa kidogo, akakunja uso.

"Nani alipika hii maziwa?"

"Ilitoka ng'ambo."

"Mwambie aongeze mkaa kidogo."

"Nyinyi watu na mkaa wenu!" Opondo alicheka mpaka akafuta macho. Akasema angepeleka maoni hayo kwa wenye kiwanda.

Kile cheupe hakishuki haraka. Alikunywa, akalala kwa ubavu, akaambiwa atembee, akarudishwa juu ya meza ya baridi, akapigwa picha, akangojea tena. Kulikuwa na kioo kama cha televisheni ambapo Opondo aliona ndani yake. Edinah hakukiona kioo. Alimwona Opondo. Kijana aliongea na kuongea, habari za mpira, habari za mama mkwe wake, mpaka kile cheupe kilipofika upande wa kulia pale palipouma. Hapo kikasimama. Baadaye kikaanza kupita, chembamba kama uzi wa kushonea. Opondo akanyamaza katikati ya neno. Akamwambia ashike pumzi, akapiga picha, akamwambia apumue, na hakusema kitu kingine mpaka mwisho.

"Sikuhitaji daktari aniambie," alisema Edinah. "Nilijua kwa kunyamaza kwake."

Kesho yake Akeyo naye alikunywa kikombe chake. Picha yake ilitoka sawa na ya Edinah: utumbo mwembamba unafika pale unapokutana na ule mnene, na mlango umebanwa.

Daktari Onsongo alizitundika picha kwenye taa ya ukutani akawaeleza wanawake wote wawili pamoja, Jonah akiwepo, kwa kuwa walitaka hivyo. Ubano wa namna hii, alisema, una wazazi wawili. Mmoja ni saratani. Mwingine ni kifua kikuu.

"Kifua, daktari?" akauliza Edinah. "Mimi naumwa huku chini."

"Jina ndilo linadanganya, mama. Ule ugonjwa unaweza kukaa matumboni. Mtu anaweza kuumeza. Hata kwa maziwa mabichi, kama ng'ombe anao." Akamwangalia. "Nyumbani mnachemsha maziwa?"

Jonah ndiye aliyetikisa kichwa kwamba hapana.

Daktari hakumkemea. Alieleza tu jinsi mambo yalivyosimama. Kama ni kifua kikuu, vidonge vya miezi mingi vinaweza kumponya bila kisu. Kama ni saratani ambayo haijatembea, kisu lazima, na mapema. Kama imekwisha kutembea, kisu ni kumtesa bure. Na wakikisia wakakosea, atakufa kwa kukisia kwao. Picha ile nyeupe ilionyesha njia tu, haikuonyesha kilichoko nje ya njia. Kulikuwa na mashine Nairobi, skani, inayomkata mtu kwa picha kama mkate unavyokatwa vipande, bila kumgusa, na kila kipande unakiona peke yake.

Ndugu za Jonah walikuja wodini Jumapili, wamevaa makoti ya kanisani. Walikuwa wamezungumza njiani na wamekubaliana. Walisema Nairobi ni mbali, na mvua imeanza kuharibu barabara. Walisema mtu akifia huko, kumrudisha ni taabu. Heri arudi kwake, alale kitandani pake, watu wamwombee. Hawakusema kwa ubaya. Lakini walisema wakiwa wamesimama upande huu na upande huu wa kitanda, maneno yakipita juu yake.

"Mimi bado nasikia," alisema Edinah.

Mkubwa wao akasema, "Sisi tunakufikiria wewe, mama."

"Mnanifikiria nikiwa maiti. Nifikirieni kidogo nikiwa mtu."

Akeyo, kutoka kitanda cha pili, akasema kwa sauti kwamba huyo mama amejibu, wazee watafute viti. Jonah ni mtu wa kuchelewa kusema. Alikuwa akizungusha kofia yake mikononi, na alipomaliza kuizungusha akasema, "Yule ng'ombe mwekundu ataenda Mulot siku ya soko. Ng'ombe nitapata mwingine."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Kampuni ya Akeyo ilikubali kumlipia yeye, na wanawake wawili wakapewa siku moja.

Ile ilikuwa mvua ambayo watu bado wanaitaja, iliyonyesha kama imesahau kwenda. Barabara ya Narok ilikatika kule chini, ikabidi Landrova ya hospitali izunguke kwa Kericho na Londiani, ishuke Nakuru. Walilazwa nyuma kwenye magodoro, Sista Molly akiwa kati yao. Mahali fulani kwenye msitu wa Londiani, wakati dereva alipokuwa nje akiangalia tope, Akeyo aliuliza:

"Edinah, wewe unaogopa nini zaidi?"

"Naogopa kukatwa."

"Mimi naogopa kurudishwa bila kukatwa."

Huko Nairobi skani ilikuwa ndani ya chumba cha baridi. Ni kitu kama pete kubwa, kubwa kuliko mlango wa zizi la ndama, na kitanda chembamba kinachoingia ndani yake chenyewe. Walimdunga Edinah dawa mkononi, na joto likamwenda mwili mzima mpaka akadhani amejikojolea. Akaona haya, akaomba msamaha, na wakamwambia hapana, mama, kila mtu husikia hivyo, uko mkavu. Sauti ikamwambia ashike pumzi. Pete ikanguruma. Kitanda kikasogea kidogo, pumzi tena. Aliniambia aliomba wakati wa kushika pumzi tu, na alipoachiwa kupumua aliacha kuomba, akaona ni kama kumsumbua Mungu na mashine wakati mmoja.

Daktari wa picha alikuwa mwanamke wa makamo. Edinah akamwuliza kama anaweza kuona. Mama yule alishangaa kidogo, kisha akamwita kwenye kioo na kumwonyesha kwa kalamu. Hapa ni mgongo wako. Hii ni figo. Hili ini, na ni safi, halina doa. Hapa ukuta wa utumbo umenenepa. Na hivi vidoadoa kando yake ni tezi, zimevimba, na ukiangalia katikati zina weusi, maana yake zimelainika ndani.

"Hiyo ni mbaya?"

"Saratani mara nyingi haifanyi hivi. Kifua kikuu ndicho kinapenda hivi. Lakini picha haili kiapo, mama. Daktari wako atasema."

Akeyo aliingia baada yake. Alipotoka, mlango wa chumba cha kioo ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyemwita aone.

Waliporudi Bomet, Daktari Onsongo alikuja kwa kila mmoja peke yake. Lakini vitanda vilikuwa karibu, na pazia ni kitambaa. Alimwambia Edinah kwamba wataanza vidonge vya kifua kikuu. Atavimeza bila kukosa, na baada ya miezi kadhaa atakunywa tena kile cheupe. Njia ikiwa imefunguka, wamekisia sawa. Ikiwa bado imebanwa, kisu. Kisha akazunguka pazia, akavuta kiti, na Edinah akamsikia akikaa hapo muda mrefu. Ini la Akeyo lilikuwa na madoa mengi. Hakuna kitu ambacho kisu kingefanya.

Daktari alipoondoka Akeyo alikuwa ameelekea ukutani.

"Si nilikuambia," alisema.

Edinah alinyoosha mkono kati ya vitanda, na Akeyo, bila kugeuka, akarudisha wake nyuma akaushika.

Vidonge vilikuwa vikubwa, na mkojo ulitoka mwekundu kama chai iliyochemka sana. Sista Molly alikuwa amemwonya kwamba ni rangi ya dawa tu, lakini mtu aliyekwisha kudanganywa na rangi mara moja huogopa rangi zote. Nyumbani, wiki za kwanza hazikuonyesha lolote. Alitapika, akalala, akameza tena. Ndugu za Jonah walipita, wakaangalia, wakaenda. Daktari wa mifugo alikuja akapima ng'ombe waliobaki, na yule wa maziwa mengi kuliko wote akaondolewa zizini, akachinjwa, na nyama yake haikuliwa. Edinah alikaa ndani siku ile. Kisha alianza kuchemsha maziwa kabla ya kuyatia kibuyuni, na majirani walipoonja walisema yamepoa, hayana roho. Aliwaambia atafutaye roho akatafute kwa jirani.

Joto la jioni ndilo lililoondoka kwanza. Baadaye akala ugali akangojea maumivu, nayo yakachelewa kuja. Na asubuhi moja alimwita Jonah kutoka zizini, akamwambia choo chake kimekuwa cha rangi ya kawaida, rangi ya watu wote wa dunia. Jonah aliipokea habari ile kama mtu anayeambiwa mtoto amezaliwa. Aliniambia mimi hata kabla sijatua mzigo.

Lakini kujisikia vizuri si kupona, daktari alikuwa amesema hivyo. Ubano unaweza kubaki kama kovu na kukufunga siku yoyote. Kwa hiyo katikati ya mwaka uliofuata alipokwenda kunywa kikombe cha pili, yeye na Jonah waliondoka Boito bila kuzungumza.

Opondo alimkumbuka. "Mama mkaa!" akasema. Kisha akaona uso wake, akafanya kazi yake. Alikunywa, akalala, akatembea, akalala. Opondo aliongea habari za mpira. Kile cheupe kikashuka, kikazunguka, kikakaribia upande wa kulia, na Edinah akawa anaangalia mdomo wa Opondo tu.

Mdomo haukufungwa. "Kwa hivyo yule kipa akaruka hivi," Opondo alikuwa akisema, "na mpira... Mama, angalia. Hebu angalia hapa." Akageuza kioo. Kitu cheupe kilikuwa kikipita pale mlangoni, si kwa upana wa mtu asiyewahi kuugua, lakini kikipita, polepole, kama maji yanayoingia kwenye mfereji uliosafishwa.

Daktari Onsongo alitundika picha mbili kwenye taa, ya zamani na mpya. Alizitazama kwa muda mrefu akiwa amesimama. "Hakuna kisu," alisema. "Maliza vidonge." Jonah alivua kofia, akakosa pa kuiweka.

Huko Boito watu walikuwa wanangoja. Mchungaji alikuwa amearifiwa, na wanawake wa kanisa walikuwa wamekwisha kupika. Jonah akasema wafanye haraka. Lakini Edinah alisema kwanza watapitia kwenye shamba la kampuni.

"Leo?" Jonah aliuliza. "Na habari hii?"

"Leo."

Akeyo alikuwa amelazwa kwenye godoro mlangoni mwa nyumba yake, katika mstari wa nyumba za wachumaji, ili jua limpate. Mikono ilikuwa imebaki mifupa na tumbo limejaa maji. Edinah alikaa chini kando yake. Walisalimiana. Wakaulizana habari za watoto, habari za mvua. Kisha Edinah akawa anaangalia mikono yake mwenyewe.

"Umetoka hospitali," alisema Akeyo. "Nasikia harufu yake kwa nguo. Walikupiga picha?"

"Walipiga."

"Na unanificha? Unafikiria mimi nitakuonea wivu?"

"Akeyo, mimi..."

"Wivu ninao. Hiyo ni yangu, wacha nikae nayo. Lakini mimi nimeona picha mbaya tu tangu nianze hii mambo. Nataka kusikia moja nzuri. Ile nyeupe, ilipita?"

"Ilipita."

"Haikusimama pale?"

"Haikusimama."

"Niambie vizuri. Anzia kwa kikombe."

Edinah akaanzia kwa kikombe. Alieleza ladha yake, na meza ya baridi, na Opondo na kipa wake. Kwa kidole alichora juu ya blanketi njia aliyoiona kwenye kioo, inavyoshuka, inavyojikunja, inavyorudi kulia, na pale mlangoni akapunguza mwendo wa kidole. Akeyo alikuwa amefumba macho.

"Endelea," alisema. "Usiharakishe. Sasa iko wapi?"

Huko nje Jonah alikuwa amesimama kando ya chai ya kampuni na kofia yake mkononi. Jua lilikuwa linashuka, na huko Boito chakula kilikuwa kinapoa. Alitazama mlangoni mara moja, akaona kidole cha mkewe bado kinatembea juu ya blanketi. Basi akakaa chini kwenye nyasi, na hakumwita.